Tatu

Megafoni ilipanda Kadutu kabla ya jua,
ikikohoa ngazi kwa ngazi kwenye tope:
wazazi, wazazi, Alhamisi, kituo cha afya.
Nyuma yake kijana wa koti jeupe
anaandika kwa chaki, mlango kwa mlango,
hesabu ya watoto waliolala ndani.
Kwangu aliandika tatu.
Alipopinda kona nikaifuta kwa pindo la kitenge,
nikachora mbili kwa kipande cha makaa.
Sijui kwa nini. Mkono ulitangulia.
Nzigire, wa mwisho, alikuwa amelala mgongoni,
jasho lake likinipita blauzi.

M'Rubenga wa jirani aliniona, hakusema kitu.
Mlango wake ulikuwa mtupu, umepanguswa.

Bombani maji hayakuwa yamefika
ila maneno yalikuwa yamejaza madumu.
Inafunga kizazi. Ni ya kutuhesabu.
Mchungaji wa kule juu amekataza. Hapana, ameruhusu,
ila kwa wasiofunga kula.
Kisha Mama Ntakwinja, ambaye huwa hasemi:
"Mwaka ule wa malaria nilimbeba wangu
mpaka kituo hichohicho. Wakataka pesa ya karatasi.
Karatasi!
Alipoa hapa mgongoni nikiwa bado natafuta elfu mbili.
Leo wamekuja wenyewe, na gari, na bure.
Mimi siogopi sindano.
Naogopa bure."
Hakuna aliyemjibu. Bomba likatoa pumzi, halikutoa maji.

Usiku nikampigia Bisimwa, yuko Kamituga mashimoni.
Sauti yake ilikuwa na udongo.
"Ngoja," alisema, "ngoja kwanza watoto wa wengine..."
simu ikakata.
Nikabaki nimeshika watoto wa wengine sikioni.

Nilikaa nao hadi taa ikaisha mafuta.
Kilima kizima kinangoja watoto wa wengine.
Ukimuuliza Mama Ntakwinja, wa wengine ni wa M'Rubenga;
ukimuuliza M'Rubenga, atanyoosha kidole kwangu.

Na yule fundi cherehani wa ngazi za chini,
mwanawe ana vipele mpaka ndani ya mdomo,
uji haupiti.
Nilikuwa napita na gunia la makaa kichwani nikamwona
anambembeleza kwa sauti tu,
mikono ameifunga nyuma yeye mwenyewe, kwa leso,
isije ikasahau.

Sikuamua. Nisidanganye mtu.
Alhamisi nilichukua makaa nikaandika tatu,
tatu kubwa, mbaya, imelalia upande,
tukateremka.

Muuguzi alikuwa mwembamba, macho mekundu.
Nikamuuliza mbele ya foleni yote: una hakika?
Watu wakaguna. Akaweka sindano chini.
"Homa inaweza kuja. Mkono unaweza kuvimba.
Mengine nimeyasoma, sijayaona kwa macho.
Wangu nilimchanja juzi," akasema,
"na usiku ule sikulala."
Angesema alilala fofofo
ningegeuka na watoto wangu wote.

Wawili wakubwa walilia kwa zamu, kama wamepangiana.
Nzigire hakulia. Alinitazama tu,
jinsi mtu anavyomtazama mdeni wake.

Homa ilikuja saa nane, kama alivyosema.
Kitambaa, maji, kitambaa.
Nilimtukana muuguzi, nikamtukana Bisimwa,
nikaomba Mungu asisikie, halafu nikaomba asikie.
Mvua ilipiga mabati mpaka sikuweza
kuisikia pumzi yake, ikabidi niihesabu kwa kiganja.

Alfajiri kiganja kilikuwa baridi. Baridi ya kawaida.
Aliomba kitumbura, akakitupa, akaomba kingine.

Nje, mvua ilikuwa imefuta chaki kilima kizima.
Tatu yangu ilibaki, imechuruzika miguu mirefu.
M'Rubenga alisimama mbele yake muda,
mtoto kiunoni.
"Niazime kipande cha makaa," akasema.
"Kidogo tu.
Si cha kupikia."